Chakula cha Kijapani mjini Gyeongju: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gyeongju, kusini mashariki mwa Korea Kusini, ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla kwa karibu miaka elfu moja, hadi mwaka 935. Wageni huja kuona makaburi ya wafalme yaliyofunikwa majani, mnara wa Cheomseongdae na hekalu la Bulguksa. Baada ya siku mbili tatu za kimchi (kabichi iliyochachushwa) na pilipili, wengi huanza kuulizia sushi. Majibu yaliyo hapa yanaanza na mambo ya mwanzo, kisha yanaingia kwenye shida za mtu mmoja mmoja.

## Mambo ya kuanzia

Nimekuja Korea. Kuna haja gani ya kula chakula cha Kijapani?

Haja ipo, kwa sababu Korea chakula hiki kimeshakuwa cha nyumbani. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Watawala waliondoka, lakini udong (tambi nene za supu), donkkaseu (nguruwe wa kukaangwa) na wali wa siki wa sushi vilibaki jikoni na vikageuka kufuata ndimi za wenyeji. Leo ni chakula cha mchana cha karani, cha mwanafunzi na cha familia iliyotoka matembezi Jumapili.

Gyeongju wenyewe una uhusiano wa karibu na Japani. Umekuwa mji rafiki wa Nara, mji mkuu wa kale wa Japani, tangu 1970, na Wajapani wamekuwa wakija kutazama mambo ya Silla kwa miongo mingi. Ushauri wangu ni mmoja, na utauona ukijirudia katika majibu mengine: usiitafute Tokyo hapa. Tafuta kile ambacho Gyeongju imekifanyia chakula cha Kijapani kwa ng'ombe wake na bahari yake. Ukienda na nia hiyo utakula vizuri sana.

Nianzie mtaa gani?

Inategemea unataka kula nini. Ukitaka bakuli la wali au donkkaseu katikati ya matembezi, nenda Hwangnidan-gil. Ukitaka kula jioni pamoja na wenyeji kwa bei ya kawaida, nenda mitaa ya makazi ya Hwangseong-dong na Dongcheon-dong. Kwa meza tulivu na huduma ya hoteli, Bomun. Kwa samaki mbichi, panda basi hadi bandari ya Gampo. Kila sehemu ina jibu lake hapo chini.

Nitajuaje kwamba mgahawa ni wa Kijapani kama sisomi Kikorea?

Hifadhi maandishi haya kwenye simu, maana vibao vingi havina herufi za Kilatini:

일식 (ilsik) ni chakula cha Kijapani kwa jumla. 초밥 (chobap) ni sushi. 횟집 (hoetjip) ni nyumba ya samaki mbichi kwa mtindo wa Kikorea. 돈까스 au 돈카츠 ni kipande cha nguruwe kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa. 우동 ni udong, tambi nene za ngano katika supu. 덮밥 (deopbap) ni bakuli la wali lenye kitoweo juu. 이자카야 ni izakaya, yaani baa ya Kijapani yenye vyakula vidogo vidogo.

Chunga jozi moja: 라멘 ni rameni ya Kijapani, supu iliyochemshwa kwa saa nyingi, lakini 라면 ni ramyeon, tambi za pakiti zinazopikwa kwa dakika chache. Zote ni tamu, ila hazikaribiani kwa bei wala kwa ladha.

## Mitaa na sehemu za kula

Hwangnidan-gil pakoje?

Ni mtaa wa Hwangnam-dong, ubavuni mwa Daereungwon, ile bustani yenye makaburi makubwa ya Silla. Ujenzi wa ghorofa umebanwa kwa sababu ya mambo ya kale, hivyo migahawa mingi imo ndani ya hanok, nyumba za asili zenye paa la vigae. Kutoka kituo cha mabasi ya masafa ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu.

Chakula cha Kijapani kinachotawala hapa ni deopbap, donkkaseu, rameni na sushi ya nyama ya ng'ombe. Sehemu ni ndogo, meza chache, na vyakula vinapambwa ili vipigwe picha. Usilidharau jambo hilo. Wapishi vijana wengi wa hapa wana bidii na mkono mzuri. Tatizo ni wikendi. Jumamosi saa saba mchana foleni inatoka nje ya mlango, na mgahawa wenye foleni ndefu mara nyingi ni ule uliosambaa mitandaoni wiki hiyo, wala si lazima uwe bora kuliko wa jirani yake. Nenda siku ya kazi, au fika kabla milango haijafunguliwa.

Migahawa ya mtaa huu hufunguliwa na kufungwa kwa kasi kubwa, na ndiyo sababu ukurasa huu unataja mitaa na namna ya kuchagua badala ya majina. Jambo la kutazama ni menyu: mgahawa unaouza vitu vitano na kuvifanya vizuri ni salama kuliko wenye kurasa nane zinazochanganya sushi, piza na tteokbokki (vipande vya unga wa mchele kwenye mchuzi wa pilipili).

Wenyeji wenyewe hula wapi?

Hwangseong-dong, kaskazini mwa mji wa kale, ni eneo la magorofa ya makazi, na Dongcheon-dong ndiko iliko ofisi ya halmashauri ya jiji. Mitaa hii haina kaburi la mfalme la kupiga picha, hivyo watalii hawafiki, na mgahawa huishi kwa mteja anayerudi kila wiki. Hapa utapata migahawa ya sushi ya familia, izakaya za jioni na donkkaseu ya sahani kubwa. Kama una usiku mmoja tu Gyeongju na unapenda kula na watu wa mahali, hapa ndipo ningekupeleka.

Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Hyeongsan, kuna Seokjang-dong, lilipo tawi la Chuo Kikuu cha Dongguk. Chakula cha wanafunzi kina sifa yake duniani kote: kingi, cha moto, cha bei nafuu. Wakati wa likizo za chuo baadhi ya sehemu hupunguza saa.

Na Bomun?

Bomun ni eneo la hoteli lililojengwa kuzunguka ziwa na kufunguliwa mwaka 1979. Ni mahali pa meza pana, maegesho, na wahudumu waliozoea wageni. Bei iko juu. Ukiwa na wazazi wazee, au mgeni wa kazi unayetaka kumheshimu, Bomun panafaa. Ukiwa peke yako na begi mgongoni, hakuna sababu ya kwenda huko kwa ajili ya kula tu.

Karibu na Bulguksa kuna sushi?

Usihangaike kuitafuta. Chini ya hekalu migahawa ni ya Kikorea: sahani za mboga za milimani, chapati nyembamba za vitunguu, supu za tofu. Kula hizo, chakula cha Kijapani kisubiri jioni mjini. Basi namba 10 na 11 zinazunguka kati ya mji, Bomun na Bulguksa.

Gampo kuna nini hasa?

Gampo ni bandari ya wavuvi kwenye Bahari ya Mashariki, ndani ya mipaka ya Gyeongju ileile, na ndiyo sehemu ambayo wageni wengi huikosa kwa kudhani mji huu hauna bahari. Basi namba 100 inaenda huko, kama saa moja kutoka mjini, ikipita milimani kabla ya kushuka pwani. Wakati wa ukoloni wavuvi wa Kijapani walihamia hapa, na uchochoro wenye nyumba zao za mbao bado upo nyuma ya bandari. Pwani hiyohiyo, kusini kidogo, ndipo ulipo mwamba baharini unaotajwa kuwa kaburi la mfalme Munmu, aliyetaka kuzikwa majini ili awe joka la kuilinda nchi dhidi ya wavamizi kutoka Japani.

Chakula cha Gampo ni samaki mbichi, na samaki anayesifika zaidi ni gajami, samaki bapa wa chini ya bahari. Tafadhali soma hapo chini jibu la tofauti ya hoe (samaki mbichi wa Kikorea) na sashimi (samaki mbichi wa Kijapani) kabla ya kuagiza, kwani Gampo utaletewa hoe.

## Kuagiza

Hoe na sashimi si kitu kimoja?

Samaki ni mbichi pande zote mbili, lakini nia ni tofauti. Mpishi wa Kijapani mara nyingi humpumzisha samaki kwenye baridi baada ya kumchinja, nyama ilainike na utamu ukolee. Mkorea anapenda samaki aliyetolewa kwenye tangi la maji dakika chache zilizopita, nyama ikiwa bado ngumu na inavutana menoni. Anachovya kwenye chogochujang, mchuzi wa pilipili na siki, au anafunga kipande ndani ya jani la letusi pamoja na kitunguu saumu na pilipili mbichi. Mtu aliyezoea sashimi laini anaweza kudhani amepewa samaki mbaya. Hapana, huo ndio uzuri wake kwa wenyeji. Tafuna polepole.

Katika hoetjip unalipia sinia zima, dogo, la kati au kubwa, na pamoja nalo huja visahani vingi usivyoviagiza: mahindi yenye jibini, samaki wa kuchoma, viazi vitamu, mwani. Mwishoni mifupa na kichwa hupikwa maeuntang, mchuzi mkali wa pilipili. Kwa hiyo usishibe mapema. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wanaojua kwamba utamu wa samaki umo kichwani, watafurahi hapo mwisho kuliko mwanzo.

Menyu ikiandikwa 시가 au 싯가 badala ya bei, maana yake ni bei ya soko ya siku hiyo. Uliza kiasi kabla samaki hajatolewa kwenye tangi.

Donkkaseu ya Korea ina tofauti gani na ya Japani?

Zipo mbili na zote utazikuta Gyeongju. Ya zamani ni pana na nyembamba kama sahani, imefunikwa mchuzi wa kahawia, inaletwa na supu nyeupe ya krimu, na unakula kwa kisu na uma. Ya kisasa inafuata Japani: kipande kinene, kimekatwa vipande, mchuzi pembeni, kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba. Ile ya zamani ndiyo ninayoipendekeza kwa mgeni, kwa sababu ile ya kisasa utaipata mji wowote mkubwa.

Kuna chakula cha mtindo wa Kijapani ambacho Gyeongju imekifanya chake?

Ndiyo: cha nyama ya ng'ombe. Gyeongju ni miongoni mwa maeneo yanayofuga hanwoo, ng'ombe wa asili wa Korea, kwa wingi. Ndiyo maana kwenye Hwangnidan-gil utaona yukhoe chobap, sushi yenye nyama mbichi ya ng'ombe juu badala ya samaki, na deopbap ya nyama iliyochomwa nusu. Nyama ikiwa ya siku hiyo huwa nyekundu inayong'aa, tamu kidogo, na haina harufu. Kama nyama mbichi huiwezi, omba ipitishwe moto. Wapishi wengi wana kibomba cha gesi cha kuunguzia juu. Lipo pia bakuli la yukhoe mulhoe, nyama mbichi katika mchuzi wa baridi wenye pilipili. Hilo ni la Kikorea kabisa, lakini anayependa chakula cha Kijapani asiondoke bila kulionja.

Omakase inapatikana?

Omakase, yaani mlo ambao mpishi ndiye anayekuchagulia, inapatikana kwa uchache, kwenye kaunta ndogo za viti kama kumi. Lazima uweke nafasi, na ufike kwa wakati, kwani mpishi anaanza na wote pamoja. Kama lengo la safari yako ni omakase, Busan ina uteuzi mpana zaidi, na iko karibu: kwa treni ya kasi ya KTX ni kama nusu saa.

## Bei na taratibu

Nitatumia kiasi gani?

Kwa kawaida rameni au udong ni won 9,000 hadi 12,000. Donkkaseu 10,000 hadi 15,000. Deopbap 12,000 hadi 18,000, na yenye hanwoo hupanda zaidi. Sahani ya sushi ya mtu mmoja ni 15,000 hadi 30,000. Sinia la hoe la watu wawili huanzia kama 50,000. Bakshishi haitolewi, na ukiacha pesa mezani mhudumu anaweza kukufuata nje akidhani umesahau.

Mbona nimekuta mlango umefungwa saa tisa alasiri?

Huo ni muda wa mapumziko. Migahawa mingi hufunga kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, na huacha kupokea maagizo nusu saa au zaidi kabla ya kufunga. Siku ya mapumziko ya wiki mara nyingi ni Jumatatu, Jumanne au Jumatano, kila mgahawa na yake. Angalia kwenye programu za ramani za Naver Map au KakaoMap. Google Maps haitakusaidia sana Korea, hasa kwa njia za kutembea kwa miguu.

Mlangoni kuna kompyuta ndogo inayotaka namba ya simu ya Korea. Nifanyeje?

Ni mashine ya foleni. Ukiandika namba, ujumbe unakuja zamu yako ikifika. Asiye na namba ya Korea aingie ndani, aonyeshe idadi ya watu kwa vidole, na aombe jina lake liandikwe kwa mkono. Wengi hukubali, lakini itakubidi ubaki karibu na mlango. Ukiwa na rafiki anayeishi Korea, namba yake inatosha.

Nakula peke yangu. Nitapokewa?

Kwa rameni, udong, donkkaseu na deopbap, bila shida yoyote. Viti vya kaunta vipo kwa ajili hiyo. Hoetjip ni kesi nyingine, kwa sababu sinia dogo kabisa ni la watu wawili. Ukiwa Gampo peke yako agiza hoedeopbap, bakuli la wali, mboga na samaki mbichi, lililotengenezwa kwa mtu mmoja. Linaridhisha, na bei yake ni ndogo zaidi.

## Miiko, afya na dini

Mimi ni Mwislamu. Ninaweza kula nini?

Uwe makini, maana chakula cha Kijapani kina vitu vilivyojificha. Donkkaseu ni nguruwe. Supu nyingi za rameni hutokana na mifupa ya nguruwe. Michuzi mingi hutiwa mvinyo wa mchele wa kupikia. Vipande vya mchuzi wa kari vinaweza kuwa na mafuta ya wanyama. Hata kipande cha samaki au kuku huenda kilikaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyokaangia nguruwe.

Njia iliyo nyepesi ni samaki mbichi, wa sushi au hoe, ingawa kwa sushi uliza kuhusu siki na mvinyo katika wali, na mchuzi wa soya wenyewe unaweza kuwa na alkoholi. Sema "dwaejigogi an meogeoyo" (돼지고기 안 먹어요), sili nyama ya nguruwe, na "sul an meogeoyo" (술 안 먹어요), situmii pombe. Ukitaka nyama iliyochinjwa kihalali, Busan kuna msikiti wa Al-Fatah katika wilaya ya Geumjeong, karibu na kituo cha treni cha Dusil, na karibu yake kuna chakula cha halali. Basi la masafa kutoka Gyeongju hushusha Nopo, na Dusil iko kwenye njia ileile ya treni ya chini inayoanzia Nopo.

Mimi sili nyama wala samaki.

Hapa ugumu ni supu. Udong inayoonekana haina kitu imepikwa kwa maji ya samaki mkavu. Yubu chobap, wali ndani ya mfuko wa tofu iliyokaangwa, ni tumaini zuri, ila mfuko wenyewe huweza kulowekwa katika maji hayohayo ya samaki. Kwa asiyekula kabisa kitu cha mnyama, chakula cha chini ya Bulguksa (tazama jibu lake hapo juu) kitakufaa zaidi kuliko cha Kijapani, mradi uulize kuhusu mchuzi wa samaki katika kimchi.

Samaki ni salama? Nasikia habari za Fukushima.

Tangu Septemba 2013 Korea imepiga marufuku mazao ya bahari kutoka mikoa minane ya Japani, ukiwemo Fukushima. Sheria pia inaitaka migahawa ibandike mahali ambako vyakula kadhaa muhimu vimetoka. Tafuta karatasi yenye neno 원산지 ukutani. Gwangeo (samaki bapa) na ureok (samaki wa miambani) wa matangini wengi wamefugwa Korea, na samoni kwa kawaida inatoka Norwei.

Kinachohitaji tahadhari kuliko hayo ni joto. Julai na Agosti maji ya bahari yanapata joto na vijidudu vinaongezeka, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito au mwenye kinga dhaifu asile mbichi. Maeuntang na samaki wa kuchoma vipo, naye atakula meza moja na wenzake.

Mtoto wangu hali pilipili.

Chakula cha Kijapani ndicho kitakachokuokoa Korea. Udong, donkkaseu, wali wa yai: vyote havina ukali. Waombe tu wasilete kimchi upande wake.

## Hali zisizo za kawaida

Je, Wakorea wataona vibaya nikiulizia chakula cha Kijapani?

Hapana. Machungu ya ukoloni ni ya kweli na yanazungumzwa, na Gyeongju makaburi kadhaa ya Silla yalifukuliwa wakati wa utawala huo. Taji la dhahabu la Geumgwanchong lilipatikana 1921. Lakini mgahawa wa sushi ni kazi ya Mkorea anayelisha watoto wake. Uliza kwa jina la Kikorea, chobap au ilsik, na utaelekezwa kwa moyo mkunjufu.

Nimefika saa nne usiku. Kumebaki nini?

Hwangnidan-gil huwa imeshalala. Izakaya za Hwangseong-dong na za upande wa chuo hukaa wazi hadi usiku, na zinapika mishikaki, udong na vyakula vya kukaanga. Wateja wanategemewa kuagiza kinywaji; soda inakubalika.

Nimekuja wakati wa Chuseok (sikukuu ya mavuno) au Seollal (mwaka mpya wa jadi).

Siku yenyewe ya sikukuu migahawa ya familia hufunga. Hoteli za Bomun huendelea. Hwangnidan-gil baadhi hufungua na hujaa kupita kiasi, kama ilivyo mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili miti ya cheri inapochanua.

Ninapanda KTX mchana. Naweza kubeba?

Kula ndani ya treni kunaruhusiwa. Kumbuka kwamba kituo cha KTX kipo nje ya mji, kama dakika ishirini kwa teksi, na chaguo la chakula pale ni dogo, kwa hiyo nunua mjini kabla ya kuondoka. Chukua yubu chobap au sandwichi ya donkkaseu, ambazo zinavumilia safari. Samaki mbichi usibebe wakati wa kiangazi, hata kama muuzaji amekuwekea barafu.